Sura ya Sita: Gesi Haiishi

"Mama, hii gesi imeisha." Fundi friji akishatamka hivyo, mwenye friza huwa hana la kuongeza. Hiyo gesi hajawahi kuiona, hajui ilitiwa kiasi gani wala itatiwa kiasi gani. Anachojua ni kwamba samaki wamelegea na mtu aliyesimama mbele yake amekuja na mtungi. Analipa. Friza inagandisha wiki tatu, pengine mwezi, kisha fundi anaitwa tena, na gesi imeisha tena.

Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo linalokula fedha za watu kuliko kasoro nyingine zote za friza. Gesi ya friza haiishi. Haichomwi kama ya jiko wala haichakai kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa kila mwisho, na friza isiyovuja huweza kufanya kazi miaka 20 kwa gesi ileile iliyotiwa kiwandani. Kama kweli imepungua, basi pana tundu, na anayeongeza gesi bila kulitafuta tundu amekuuzia mwezi mmoja tu. Tena mara nyingi hata tundu hakuna. Friza imeshindwa kwa sababu nyingine kabisa, ambayo ungeweza kuigundua mwenyewe kwa kiganja cha mkono, kipande cha karatasi na masikio yako.

Ili uigundue, jambo moja lazima likae kichwani: friza haitengenezi baridi. Inaondoa joto. Kazi yake ni ya hamali: inabeba joto lililomo ndani, inalitua nje, inarudi kubeba jingine, mchana na usiku. Anayebeba ni gesi. Kompresa, ile chupa nyeusi ya chuma iliyokaa chini pembeni, huikandamiza gesi hadi ikapata moto. Gesi hiyo ya moto hupita kwenye mabomba ya kondensa, ikatoa joto lake chumbani na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho hupenyezwa kwenye kepilari, bomba la shaba lenye tundu dogo mno, na kikitokea upande wa pili hukuta nafasi, kikachemka. Ili kichemke lazima kipate joto kutoka mahali. Hulichukua kwenye kuta za ndani, nazo kuta hulichukua kwenye nyama yako. Mvuke hurudi kwa kompresa, safari ikaanza upya.

Kwa hiyo friza isiyogandisha ina mambo matatu tu ya kushukiwa. Joto linaingia kwa wingi kuliko linavyotolewa. Au linabebwa lakini halina pa kutulia. Au mbebaji mwenyewe ana kasoro. Gesi iko katika kundi la tatu, na humo pia haiko peke yake. Ifikie mwisho.

Anza na ubavu. Kwenye friza za kulala, zile za kifuniko cha juu ambazo ndizo zimejaa majumbani na madukani kwetu, kondensa huwa imefichwa ndani ya bati la nje. Ndiyo maana ukizigusa ubavuni unakuta moto. Watu huogopa, wakadhani inaungua. Kinyume chake: moto ule ndio joto la samaki wako linatoka. Cha kuogopa ni ubavu wa baridi huku kompresa inanguruma. Sasa fikiria friza iliyobanwa kwenye kona, upande mmoja ukuta, upande mwingine magunia mawili ya mchele, na juu kitambaa cha kufuma kilichoning'inia hadi sakafuni. Kompresa haizimi, umeme wa LUKU unakwenda, na barafu hazigandi. Wacha sentimita 10 kila upande, zaidi ukiweza. Kitambaa cha mapambo kikae juu ya kifuniko, ila kisivuke ukingo. Tena usithubutu kutoboa ubavu kwa ajili ya komeo la kufuli. Nyuma ya bati lile kuna mabomba, na friza nyingi nzima zimeuawa kwa drili moja.

Palipo na kompresa huwa na matundu ya hewa, na matundu hayo hupendwa na vumbi, mende na nywele za paka. Chomoa waya, ingiza brashi laini, ondoa. Kwenye friza za kusimama zenye waya mweusi wa kondensa mgongoni, fanya hivyo hivyo kwenye huo waya. Kazi ni ya dakika 10 kila baada ya miezi michache, na sijui kwa nini ni nyumba chache mno zinazoifanya.

Kuna herufi ambazo wanunuzi huzipita bila kuzisoma. Kibandiko cha friza, nyuma au ndani, kina SN, N, ST au T. Hizo zinaeleza joto la chumba ambalo friza imeundiwa: SN na N huishia nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Jiko lenye paa la bati Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hupita nyuzi 32 bila taabu. Friza za mtumba zinazoshuka bandarini kutoka Ulaya mara nyingine ni za N, zilizoundiwa nyumba ya Ujerumani. Mwezi wa Julai itakufurahisha. Februari itanguruma usiku kucha, nawe utaambiwa gesi imeisha. Ukinunua, iwe mpya au ya mtumba, tafuta T.

Joto nalo huingia kwa njia nyingi, na ya kwanza ni raba ya kifuniko. Funga kifuniko juu ya karatasi, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, raba haishiki pale. Zunguka pande zote nne. Dalili nyingine ni ukanda wa theluji unaoota karibu na mdomo wa friza, upande mmoja zaidi ya mwingine: pale ndipo hewa ya nje inapenya na kuacha unyevu wake, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha kujaza friza barafu katika muda mfupi. Raba iliyochafuka ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Iliyojikunja huweza kunyooshwa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Iliyopasuka ibadilishwe, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na umeme inaopoteza. Usiipake mafuta ya kupikia wala ya taa, yataila.

Kufungua sana ni jambo la pili, ingawa hapa friza ya kulala ina heri yake. Hewa baridi ni nzito, hivyo ukifungua kifuniko cha juu hubaki humo ndani. Friza ya kusimama ukiifungua, hewa baridi inamwagika miguuni mwako. Anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule, akifunguafungua kila dakika, asinunue ya kusimama hata akipewa kwa bei ya hasara.

Lakini hakuna kinachoingiza joto kama mwenye friza mwenyewe, na siku yake kubwa ni Idi ya kuchinja. Mbuzi wamechinjwa asubuhi, au ng'ombe wa kushirikiana watu saba. Nyama ya sadaka imekwishagawiwa, iliyobaki inaletwa nyumbani kwenye mabeseni ikiwa bado na uvuguvugu wa mnyama. Inatiwa kwenye mifuko mikubwa, mfuko mmoja kilo 8 au 10, na yote inasukumwa ndani ya friza, juu ya vilivyokuwamo, hadi kifuniko kinafungwa kwa kukaliwa. Kesho yake mifuko iko laini. Kesho kutwa mfuko wa katikati unaanza kunuka, na fundi anapigiwa simu. Nyumba nyingi za Waislamu wa pwani zinaijua hadithi hii, na friza haikuwa na kosa lolote.

Rudi kwenye kile kibandiko. Karibu na herufi za joto kuna namba nyingine: kilo ngapi friza inaweza kugandisha kwa saa 24. Friza ya wastani ya nyumbani huandikwa kilo 10 au 15, hata kama ina nafasi ya kubeba kilo 100. Kubeba na kugandisha ni kazi mbili tofauti. Nafasi ya kilo 100 ni ya kutunza kilichokwisha kuganda. Ukiipa kilo 40 za nyama ya moto kwa mkupuo, umeipa kazi ya siku tatu au nne, na kwa siku hizo zote nyama ya katikati ya rundo inakaa katika uvuguvugu ambao bakteria wanaupenda.

Hesabu ya maji inaonyesha vizuri zaidi, na wauza barafu wataifurahia. Kilo moja ya maji ya bomba yenye nyuzi 30 inahitaji kutolewa kilojuli 126 za joto ili ifike nyuzi sifuri. Hapo bado ni maji. Kuigeuza barafu, ikiwa palepale kwenye sifuri, kunahitaji kilojuli 334 nyingine. Kuishusha barafu hiyo hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ni 38 tu. Theluthi mbili ya kazi yote, basi, iko kwenye kule kuganda kwenyewe, na ndiyo maana mifuko ya barafu huwa baridi sana jioni lakini alfajiri ukiiminya bado inacheza. Ndoo moja ya lita 20 ni kama kilojuli 10,000 za kutoa. Kwa friza ndogo hiyo ni kazi ya zaidi ya siku nzima, mchana na usiku, na kwenye mita itakula kama uniti mbili hivi. Mama anayepanga bei ya barafu aanze na uniti hizo kabla ya sukari.

Kwa nyama ya Idi, ninavyofanya mimi ni hivi. Siku mbili kabla, friza inapunguzwa, na kama ina kitufe cha kugandisha haraka, kinawashwa tangu usiku wa kuamkia siku ya kutia nyama. Hicho huifanya kompresa isizime, kwa hiyo mtu akumbuke kukizima baada ya siku moja. Nyama inaachwa ipoe kivulini penye upepo, imefunikwa isipate nzi, kisha inaingia kwenye friji ya kawaida hadi kesho yake. Kuna sababu mbili. Moja ni kupunguza joto. Ya pili ni nyama yenyewe: ikigandishwa kabla misuli haijakakamaa na kulegea, ikija kuyeyushwa inajikunja na kuwa ngumu, upike saa tatu na bado unatafuna. Kisha inakatwa na kufungwa vifurushi vya kilo moja, bapa, unene wa vidole viwili, hewa imesukumwa ikatoka. Vifurushi vinagusishwa kuta, kwa kuwa kuta ndizo zinazonyonya joto, na vinapangwa kwa mafungu, siku ya kwanza kilo 10, ya pili 10. Visivyopata nafasi vigawiwe, vikaushwe kwa chumvi au vipikwe. Babu zetu hawakuwa na friza na Idi walikula.

Kuisukuma hewa nje ya mfuko si urembo. Barafu iliyo juu ya nyama huweza kugeuka mvuke bila kupita kwenye maji, ikahamia kwenye kuta za friza kama theluji. Nyama inabaki na mabaka meupe makavu. Haitakudhuru ukiila, ila ladha imekwenda.

Hapa lazima nimtaje Erasto Mpemba, kwa sababu kila nikisema msitie vitu vya moto kwenye friza, hujitokeza mtu aliyesoma fizikia. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari kutengeneza aiskrimu, na ilitakiwa mchanganyiko upoe kwanza kabla ya kuwekwa kwenye friza. Nafasi zikawa zinakwisha, Mpemba akaweka wake ukiwa wa moto, nao ukaganda kabla ya wa mwenzake uliowekwa baridi. Walimu hawakumwamini. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Jina la Mpemba liko kwenye vitabu vya fizikia duniani kote, na wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa nini. Ni fahari yetu. Ila chombo chake kilikuwa kidogo, ndani ya friza ya shule. Sufuria ya mchuzi wa moto katikati ya samaki walioganda inawayeyusha samaki, haijalishi yenyewe itaganda lini.

Theluji ikifika unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja, iyeyushe. Ni blanketi kati ya kuta na chakula. Joto haliipiti kirahisi. Chomoa waya, hamishia vitu kwenye maboksi na uvifunike kwa magazeti na mablanketi, weka beseni la maji ya moto ndani, funga kifuniko nusu saa. Barafu italegea itoke kwa mabamba. Feni ikielekezwa ndani inasaidia. Wengi hawana subira hiyo, wanachukua kisu. Kuta za ndani ni bati jembamba na mabomba yamepita papo hapo nyuma yake. Kisu kikiteleza mara moja unasikia *sssss*, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika sura hii gesi imeisha kweli. Ukimaliza, osha kwa maji na magadi soda, kausha kabisa, washa, subiri saa kadhaa ndipo urudishe vitu. Friza nyingi za kulala zina kizibo cha maji chini kwa ndani. Kitafute; kuna watu wamekausha friza kwa kikombe miaka yote na kizibo kipo.

Na umeme. Kompresa imeundiwa takribani volti 230. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha taa, pasi na televisheni, umeme unaofika nyumba za mwisho wa laini huweza kuwa chini ya 190. Taa inafifia tu. Kompresa inataka nguvu nyingi zaidi wakati wa kuanza, na ikikosa inabaki inavuma bila kuzunguka, waya zake zikipata moto. Utasikia mvumo wa sekunde chache, halafu *tik*. Hiyo ni ovalodi, kifaa kidogo ubavuni mwa kompresa, inayokata kabla haijaungua. Baada ya dakika chache itajaribu tena: mvumo, *tik*. Ukisikia hivyo, chomoa. Usiiache ihangaike hadi asubuhi.

Kibaya zaidi ni umeme wa kukatika na kurudi, kukatika na kurudi. Kompresa ikizima, upande mmoja wa mabomba unabaki na msukumo mkubwa, na unahitaji kama dakika 5 kusawazika. Umeme ukirudi baada ya sekunde 10, kompresa inaanza ikisukuma dhidi ya msukumo huo. Frijigadi, kile kijisanduku chenye taa kinachochomekwa ukutani, kimetengenezwa kwa ajili hii: hukata umeme ukishuka au kupanda mno, na ukirudi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuupitisha. Hakiongezi volti hata moja. Anayetaka kuongezewa volti anunue stabilaiza inayolingana na nguvu za friza yake. Vilevile waya mwembamba wa kuunganishia, unaogawana friza, birika na chaja tatu, hupunguza volti na hushika moto. Friza ipewe soketi yake peke yake.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, ushauri unaoandikwa kwa nyumba za nchi za baridi ni kwamba friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hudumu saa 48, na iliyo nusu saa 24. Kwa joto letu, hesabu pungufu ya hapo. Kinachookoa ni barafu: zile kilojuli 334 zilizotolewa kwa kila kilo lazima zirudi zote kabla barafu haijayeyuka. Ndiyo maana nafasi tupu kwenye friza ijazwe chupa za maji, zisizojaa hadi mdomoni. Watu wa Unguja walijifunza haya kwa uchungu. Kati ya Mei na Juni 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa kutoka bara, na tena kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, miezi mitatu. Hakuna barafu inayovumilia miezi mitatu. Kwa muda kama huo ni kupika, kugawa, kuosha, na kuacha kifuniko wazi kwa kijiti ili ukungu usiote.

Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi na kuikuta sarafu chini ya kikombe, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena wakati haupo, hata kama sasa kigumu kama jiwe. Hapo usihurumie samaki, hasa jodari, nguru na vibua. Samaki wa aina hiyo wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kugandisha wala kwa kukaanga. Aliyeila hupata uso mwekundu, kichwa kuuma, mwili kuwasha na moyo kwenda mbio, mara nyingi kabla saa moja haijaisha. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani na baridi ya friji inaweza kurudishwa kugandishwa. Iliyokaa laini na vuguvugu zaidi ya saa mbili, jalalani.

Sasa tumefika kwenye gesi. Umeme upo, raba inashika, friza haikubanwa, haikushindiliwa, theluji imeondolewa. Kompresa inanguruma bila kuzima lakini ubavu wa nje hauna moto, na ndani barafu imeota sehemu moja tu ya ukuta huku kwingine kukavu. Hapo ndipo gesi imepungua, au kompresa imechoka kukandamiza. Kuna dalili ya tatu inayowachanganya hata mafundi: friza inagandisha saa kadhaa, inaacha, ukiizima ikapumzika inagandisha tena. Hayo ni maji. Unyevu ulioingia kwenye mabomba, mara nyingi siku fundi aliyetangulia alipoyafungua, unaganda kwenye tundu la kepilari na kulifunga.

Fundi unayemtaka huanza kwa kutafuta tundu na kukuonyesha lilipo. Analiziba, anajaribu mabomba kwa nitrojeni, anabadilisha filta, anavuta hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu, ndipo anatia gesi kwa kuipima kwenye mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Gramu hizo ni chache. Friza za kisasa za R600a hutumia chini ya 100 mara nyingi, na nusu ya kosa la mafundi ni kukisia. R600a ni isobutani, inawaka. Utaona alama ya moto kwenye kompresa. Anayewasha kichomeleo kabla hajaitoa gesi hiyo nje penye hewa anahatarisha nyumba. Na anayetaka kukutilia gesi ya kupikia, kwa hoja kwamba ni ileile, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Kwa nini gesi zimebadilika? R12 ya friza za zamani ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. Ikaja R134a, isiyogusa ozoni, lakini uzito kwa uzito inaongeza joto la dunia mara 1,400 na zaidi kuliko hewa ya ukaa. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa jirani, yakakubaliana kuipunguza na yenyewe pamoja na jamaa zake. Ndiyo maana dukani sasa unakuta R600a. Fundi asichanganye, kila kompresa na gesi yake na mafuta yake.

Kama tundu liko ndani ya povu la kuta, ambako mkono haufiki, mafundi wetu huzungushia bomba jipya la shaba ndani ya friza. Hufanya kazi, ila nafasi inapungua na kila mfuko unaligonga. Mimi ningekubali kwa friza kubwa ya biashara. Kwa ndogo ya nyumbani, ikiwa gharama ya kompresa au bomba inapita nusu ya bei ya friza mpya, ningeacha.

Friza iliyokufa bado ina mali: kuta zake. Povu lile linazuia joto kama zamani, na wauza samaki na soda wengi huzinunua kwa ajili hiyo tu, wakajaza barafu, wakafanya biashara. Ukimuuzia wa namna hiyo, umwambie gesi iliyobaki itolewe na mtu mwenye vifaa. Na kama itakaa uani ikisubiri mnunuzi, ng'oa kifuniko siku ileile ukaweke mbali nayo. Watoto hupenda kujificha ndani, na kifuniko kikishajifunga hakuna hewa inayoingia wala sauti inayosikika nje.